Adapta ya USB yenye chipu ya RT5370 kwenye kompyuta za zamani: uzoefu wangu

Kama una kompyuta ya zamani ambayo kadi yake ya Wi-Fi imekufa, au haikuwahi kuwa nayo, usianze na kasi iliyoandikwa kwenye boksi la adapta. Anza na chipu iliyomo ndani. Mimi nimeweka adapta ya USB yenye chipu ya RT5370 ya kampuni ya Ralink kwenye mashine mbili. Ya kwanza ni laptopu ya Windows 7 ambayo kadi yake ya ndani ilikuwa imekufa kabisa. Ya pili ni kompyuta ya mezani iliyokuja na Windows XP, ambayo tangu itoke kiwandani ilikuwa haijui Wi-Fi ni nini. Zote mbili sasa zinaingia mtandaoni, na hapa naeleza yale ambayo karatasi ya maelekezo haisemi.

Kifaa chenyewe ni kidogo, kina antena fupi inayozunguka na taa moja inayowakawaka data ikipita. Kinatumia masafa ya 2.4 GHz peke yake, viwango vya 802.11b, g na n, na kasi inayotangazwa ni megabiti 150 kwa sekunde. Hiyo 150 hupatikana ruta ikitumia chaneli pana ya MHz 40. Palipo na mitandao mingi jirani, ruta nyingi hubaki kwenye MHz 20, na hapo kiungo huishia megabiti 72. Data inayopita kwa kweli ni karibu nusu ya hapo. Kwa kusoma, barua pepe, kusasisha programu na video za kawaida, inatosha sana.

Tatizo la kwanza utakalokutana nalo ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa. Ili upate draiva unahitaji intaneti, na ili upate intaneti unahitaji draiva. Adapta nyingi za aina hii huja na sidii ndogo, lakini laptopu nyingi ndogo hazina hata pa kuiweka, na draiva iliyomo humo mara nyingi ni toleo la zamani. Njia mbili zilinifaa. Moja ni kupakua draiva kwenye kompyuta nyingine na kuihamisha kwa flashi. Ukifanya hivyo kwa ajili ya XP, hakikisha flashi imefomatiwa kwa mfumo wa faili wa FAT32, kwa sababu XP haisomi ule wa exFAT mpaka iwekewe kiraka (sasisho dogo) maalumu. Njia ya pili, ambayo kwenye Windows 7 naipenda zaidi, ni kuchomeka simu ya Android kwa kebo na kuruhusu simu igawe intaneti kupitia USB. Windows 7 huiona simu kama kadi ya mtandao, na dakika chache baadaye unapakua unachotaka.

Sasa, utajuaje chipu ni ipi? Jina la boksi halikusaidii. Kuna watengenezaji wanaobadilisha chipu katikati ya uzalishaji huku jina la bidhaa likibaki lilelile, na kinachobadilika ni namba ya toleo iliyochapwa kwa herufi ndogo nyuma ya kifaa. Kwa hiyo mtu anaweza kusoma sifa nzuri za adapta fulani, akanunua yenye jina hilohilo, akapata kitu kingine kabisa. Dawa yake ni namba za utambulisho. Kwenye Windows fungua Device Manager, ingia kwenye sifa za kifaa, sehemu ya Details, kisha chagua Hardware Ids. Kwenye adapta yangu pameandikwa VID_148F na PID_5370. Tarakimu nne za kwanza humtaja mtengenezaji, ambaye hapa ni Ralink, na nne za pili hukitaja kifaa chenyewe. Ukiona 0BDA, hiyo ni Realtek. 0CF3 ni Atheros. Tafuta draiva kwa namba hizo na utaepuka zile programu zinazojidai kutafuta draiva zote kwa mpigo, ambazo hujaza mashine takataka. Namba hizi husomeka hata kabla draiva haijawekwa, wakati kifaa bado kina alama ya njano ya mshangao.

Kwenye Windows 7 kazi ilikuwa nyepesi. Niliweka draiva, nikachomeka adapta, mitandao ikajitokeza kwenye orodha pale chini kulia. Kilichosumbua ni kukatika. Ukiiacha mashine bila kuigusa, mtandao ulikuwa unapotea, na kuurudisha kulihitaji kuchomoa adapta na kuichomeka upya. Sababu yake ni kuokoa umeme. Kwenye sifa za adapta kuna sehemu ya Power Management, na humo kuna alama inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa. Nikaiondoa, na tangu hapo haijakatika. Mtu yeyote anayelalamika kwamba adapta yake inakatakata, namshauri aanzie hapo kabla ya kulaumu ruta.

Windows XP inataka uvumilivu zaidi. Kwanza, usalama wa WPA2, unaotumiwa na ruta karibu zote, umo ndani ya Service Pack 3, kifurushi cha tatu cha masasisho ya XP. Mwenye Service Pack 2 anahitaji kiraka chake. Bila hicho utaona jina la mtandao, utaandika nenosiri sahihi, na bado haitaunganika. Pili, sidii ya draiva huweka pia programu ya mtengenezaji ya kusimamia Wi-Fi, wakati XP nayo ina huduma yake inayofanya kazi hiyohiyo, iitwayo Wireless Zero Configuration. Zikiwaka zote mbili zinagombania kifaa kimoja: hii inaunganisha, ile inakata. Chagua moja. Mimi nilibaki na ya Windows, nikaweka alama kwenye kisanduku kinachosema Windows ndiyo isimamie mipangilio ya mtandao, na ile ya mtengenezaji nikaizuia isiwake pamoja na mashine. Mvutano ukaisha.

Jambo la matundu ya USB linastahili kuzungumzwa kwa kirefu, maana ndilo lililoleta tofauti kubwa kuliko yote kwenye ile kompyuta ya mezani. Mashine za zamani sana zina USB 1.1, ambayo mwisho wake ni megabiti 12 kwa sekunde. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, inafika 480. Kuna mashine za kipindi cha mpito zenye matundu ya aina zote mbili, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. XP yenyewe hukuambia: ikiona kifaa cha kasi kwenye tundu la polepole, huleta ujumbe kwamba kifaa hiki kinaweza kufanya kazi kwa kasi zaidi. Usiufunge ujumbe huo bila kuusoma. Hamisha adapta kwenye tundu jingine. Mara nyingine matundu yote ni ya 2.0 ila draiva za ubao mama hazijawekwa, ndiyo maana yanafanya kazi kama ya zamani.

Halafu kuna suala la mahali. Nilipochomeka adapta nyuma ya kompyuta, ishara ilikuwa mistari miwili tu, ingawa simu mezani hapohapo ilionyesha mistari yote. Adapta ilikuwa imebanwa kati ya boksi la chuma na ukuta, na chuma huzuia mawimbi. Nikachukua waya wa kurefushia USB, nikaipandisha adapta juu ya meza na antena ikiwa wima, ishara ikapanda hapohapo. Waya mfupi na mnene ndio mzuri, USB 2.0 ina kikomo cha mita 5, na nyaya nyembamba za bei ya chini hupoteza umeme njiani hata kabla ya kufika huko. Tundu la USB 2.0 linatoa milliampia 500, na adapta ikikosa umeme wa kutosha huzimika pale inapoanza kutuma data nyingi. Kwa sababu hiyohiyo huwa situmii matundu ya mbele kwenye mashine hizi, kwani yameunganishwa kwa nyaya ndefu zinazopita ndani ya boksi, na mengi yamelegea kwa umri.

Ruta nayo ina neno. RT5370 haioni kabisa 5 GHz, kwa hiyo hakikisha ruta haijazima 2.4 GHz. Ikiwa ruta imewekwa WPA3 (usalama mpya zaidi ya WPA2) peke yake, mashine ya XP au Windows 7 haitaunganika. Weka hali ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, au fungua mtandao wa wageni wenye WPA2. Na kwenye WPA2 chagua usimbaji wa AES. Ukiiacha kwenye TKIP, usimbaji wa zamani, kiwango cha 802.11n hakiruhusu kasi zake za juu, unashuka mpaka megabiti 54 na utadhani adapta ni mbovu. Kama mtandao wako hauonekani kabisa wakati ya jirani inaonekana, tazama chaneli: baadhi ya adapta zimewekewa mipaka ya Marekani na hazioni chaneli ya 12 na ya 13. Ruta ikiwa kwenye chaneli ya 1, 6 au 11, tatizo hilo halipo.

Baada ya kuunganika, kompyuta ya mezani ilikuwa na ishara nzuri, ina anwani ya IP, lakini kila tovuti ilidai cheti chake si salama. Betri ya ubao mama, ile ya duara ya CR2032, ilikuwa imekwisha, na tarehe ilirudi nyuma miaka mingi. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kompyuta iliyo katika mwaka mwingine huvikataa. Nikabadilisha betri na kurekebisha saa. Tovuti kadhaa zikafunguka, nyingi bado zikagoma, kwa kuwa Internet Explorer 8 kwenye XP haina TLS 1.2, usimbaji ambao tovuti hizo hudai. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Adapta nzuri haiwezi kuziba pengo hilo, na kuiacha XP mtandaoni kila siku ni hatari ambayo sikutaka kuibeba.

Ndipo nikaweka Debian 12 ya biti 32, mfumo endeshi wa Linux, kwenye kompyuta ya mezani, na hapa ndipo nilipoipenda chipu hii kweli. Draiva yake, rt2800usb, imo tayari ndani ya Linux, na faili ya fimwea (programu inayoingizwa ndani ya chipu yenyewe) inayohitaji, rt2870.bin, huja pamoja na kisakinishi cha Debian 12. Adapta ilitambuliwa wakati wa usakinishaji na mtandao ukatumika papo hapo. Amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, inaonyesha 148f:5370. Usishangae kifaa kikiitwa wlx na kufuatiwa na anwani ya MAC (namba inayoitambulisha kadi ya mtandao) badala ya wlan0. Ndivyo Debian inavyozipa majina adapta za Wi-Fi za USB. Adapta nyingine niliyoijaribu, yenye chipu mpya zaidi, ilijitokeza kama kisoma sidii, kwa sababu ina hifadhi ndogo ya draiva za Windows, na ilibidi igeuzwe kwa programu ya usb_modeswitch kabla ya kufanya kazi. RT5370 haina usumbufu huo. Atheros AR9271 pia ni chipu ya kuaminika kwenye Linux.

Lakini kama ruta iko karibu na waya unafika, nunua adapta ya USB ya waya wa mtandao (Ethernet) badala ya hii. Nina moja yenye chipu ya ASIX AX88772, ya megabiti 100, na kwenye laptopu ileile inashinda Wi-Fi kwa uthabiti bila ushindani. Hakuna WPA, chaneli wala antena ya kuhangaika nayo. Ya gigabiti ina maana ndogo kwenye USB 2.0, maana tundu lenyewe halifiki huko. Jihadhari tu na adapta za waya za bei ya chini mno zilizoandikwa USB 2.0 ambazo ndani ni za megabiti 12. Baadhi yake zimetoka kiwandani na anwani moja ya MAC, na ukiwa nazo mbili kwenye mtandao mmoja zitagongana.

Mwenye kutaka 5 GHz kwenye mashine ya zamani asinunue RT5370. Atafute yenye chipu ya MT7612U, ambayo nayo draiva yake imo ndani ya Linux, aipe tundu la nyuma lenye umeme wa kutosha, na kabla ya kulipa asome namba ya toleo iliyo nyuma ya kifaa.