Kiyoyozi cha gari langu: baada ya kujaza gesi mara tatu, nilipata gereji iliyotafuta uvujaji

Naishi Kigamboni na nafanya kazi Posta, kwa hiyo asubuhi na jioni gari langu husimama kwenye foleni ya pantoni likiwa limewashwa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya moshi wa malori, na jua la Februari linapiga kioo cha mbele bila kizuizi. Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, nililolinunua mwaka 2021 likiwa limeshatumika huko lilikotoka, na kwa mwaka mmoja na zaidi lilipoza vizuri kiasi kwamba sikuwahi kuwaza kilichoko nyuma ya ile swichi.

Desemba 2022 nilianza kuona tatizo ambalo sasa ninalitambua kuwa dalili ya wazi: kwenye foleni hewa ilikuwa vuguvugu, na gari likishatembea kwa kasi ilipoa tena. Joto linalotolewa ndani ya gari hutupwa nje kupitia kondensa iliyo mbele ya rejeta, na gari likisimama kondensa hiyo hutegemea feni peke yake. Gesi ikipungua, kondensa ikiziba kwa vumbi, au feni ikichoka, ni kwenye foleni ndipo udhaifu unapojitokeza kwanza. Wakati ule sikuyajua hayo. Fundi wa mtaani kwetu aliniambia, "Hapo gesi imekwisha tu, dada," akaongeza kutoka kwenye kopo lisilo na lebo, nikampa shilingi 50,000. Februari nilirudi, na Aprili nikarudi tena. Nilikuwa nimelipa shilingi 150,000 na nilichopata ni baridi ya wiki chache kila mara.

Laiti mtu angeniambia mapema kwamba gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua haraka kiasi kile maana yake kuna mahali inatokea. Ubaya zaidi ni kwamba mafuta yanayolainisha kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi, husafiri pamoja na gesi hiyohiyo, kwa hiyo anayeendesha miezi mingi na gesi pungufu anaikausha kompresa, ambayo ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote.

Mei 2023 mfanyakazi mwenzangu alinielekeza kwenye gereji moja ya Ilala inayoshughulika na viyoyozi vya magari tu, na huduma yao ndiyo ninayotaka kuieleza. Kabla ya kuwasha injini, fundi alifunga geji zake mbili za kupima shinikizo la gesi, ya buluu na nyekundu, akaniita nione. Alinieleza kwamba kwa R134a, gesi ya kiyoyozi cha gari langu, gari likiwa limezimwa na hewa ina joto la nyuzi 30 hivi, geji zote mbili zinapaswa kusoma karibu psi 95 (psi ni kipimo cha shinikizo) maadamu ndani kuna gesi ya kutosha. Zangu zilisoma 40. Hakuongeza chochote. Aliinyonya gesi iliyobaki kwa mashine na kuiweka kwenye mtungi wa pembeni, kwa kuwa hakujua kilichokuwemo katika yale makopo. Nilifurahi pia kwamba hakuiachia hewani, maana R134a hulipasha anga joto zaidi ya mara elfu moja ya kaboni dioksidi ya uzito uleule, na ni gesi za jamii hiyo ambazo mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza.

Kisha akajaza nitrojeni na kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Kwenye pembe ya chini ya kondensa, upande wa dereva, viputo vidogo vilianza kutoka, kimoja baada ya kingine. Mahali hapo palikuwa na doa jeusi la mafuta lililoshikwa na vumbi, ambalo mtu yeyote angeliona kama angeinama na tochi. Fundi aliupitisha ukucha kwenye mapezi ya kondensa yakapukutika kama unga mweupe. Hiyo ni kazi ya chumvi ya hewa ya bahari, na sisi wa Kigamboni tunaivuta kila siku.

Walifunga kondensa mpya yenye kikaushio chake cha kufyonza unyevu, wakabadilisha oringi (pete za mpira) za viungo walivyovifungua, wakaongeza mafuta ya kompresa, halafu wakawasha pampu ya kunyonya hewa kwa dakika 45. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana na mafundi wenye haraka. Unyevu ukibaki ndani huganda kwenye vali na kuziba njia, na hatimaye hutengeneza asidi inayokula vyuma. Baada ya kuzima pampu tulisubiri dakika 20 tukiitazama sindano ya geji, nayo haikusogea. Gesi iliwekwa kwa mizani, gramu 450, kama kibandiko kilicho chini ya boneti kinavyosema. Kipimajoto kwenye tundu la hewa, ambacho asubuhi kilikuwa kimesoma nyuzi 19, kilishuka hadi 7.

Nililipa shilingi 310,000 kwa jumla. Lawama yangu kwao ni mbili: niliambiwa kazi ingekwisha saa sita mchana nikaondoka saa kumi na moja jioni, na risiti haikutaja uzito wala aina ya gesi mpaka nilipoomba iandikwe. Iombe nawe, kwa sababu fundi atakayefungua mfumo huo baadaye ataihitaji.

Tangu siku hiyo sijaongeza gesi, lakini nimebadilisha tabia. Miezi ya Juni hadi Agosti, kunapokuwa na ubaridi na sina haja na kiyoyozi, nakiwasha dakika kumi kila wiki ili mafuta yazunguke na sili ya kompresa, mpira unaozuia gesi isitoke, isikauke. Shemeji yangu aliyeko Njombe, ambako baridi ni kali, alikaa miaka bila kukigusa cha kwake, na aliposhuka Dar kwa harusi akakuta sili imepasuka na gesi yote imetoka. Wakati wa masika nakitumia hata kama hakuna joto, kwa kuwa hewa yake kavu huondoa ukungu kwenye kioo cha mbele kwa muda mfupi ambao kitambaa hakiwezi kuufikia. Dakika mbili kabla ya kufika nyumbani nakizima na kuacha feni ipulize, ili evaporeta, sehemu inayopoza hewa nyuma ya dashibodi, ikauke. Ile harufu ya soksi mbichi hutokana na unyevu unaolala humo usiku kucha.

Filta ya hewa iliyo nyuma ya kisanduku cha dashibodi nilikuja kuitoa mwenyewe. Ilikuwa na majani ya mwarobaini, nywele na vumbi zito kiasi kwamba haikupitisha mwanga, na mpya niliipata kwa shilingi 15,000. Kondensa naisafisha kila baada ya miezi miwili kwa maji ya mpira wa bustani yasiyo na nguvu, nikitoa chumvi na wadudu bila kupinda mapezi. Maji yanayodondoka chini ya gari baada ya kuegesha hayanitishi tena. Ningeogopa zaidi kuyakuta kwenye zulia la abiria, maana hapo mpira wa kutolea maji utakuwa umeziba.

Februari iliyopita nilikiweka tena kipimajoto kwenye tundu la hewa, gari likiwa limesimama upande wa Magogoni saa nane mchana. Foleni ilikuwa ndefu mpaka barabarani, na kilisoma nyuzi 9.