Ukumbi wa Mikutano wa Bagamoyo Ambamo Hata Viti Hutoa Maoni
Nilihudhuria kongamano la siku mbili katika hoteli moja ya ufukweni mjini Bagamoyo, na ukumbi wake naupa alama saba kati ya kumi, hasa kwa sababu umewekewa, bila kukusudia, kila kifaa ambacho hadhira inahitaji ili kumkosoa mtoa mada pasipo kufungua kinywa. Kila mshiriki hupewa daftari, kalamu, chupa ya maji na pipi za mnanaa. Mtoa mada wa kwanza alipofikia slaidi ya arobaini, akiisoma neno kwa neno, karatasi za pipi zilianza kufunguliwa polepole mno, moja baada ya nyingine, hadi ukumbi mzima ukajaa mchakacho kama wa makuti yanayopigwa na kusi. Jirani yangu, profesa mstaafu, alichora daftarini jedwali la bingo lenye maneno "wadau", "mchakato" na "changamoto", ili kutia alama kila neno mtoa mada anapolitamka, mchezo ambao kadi zake ziligawiwa kwa wahitimu wa chuo kikuu cha teknolojia cha MIT, Marekani, Al Gore, makamu wa rais wa nchi hiyo wakati huo, alipowahutubia mwaka 1996. Profesa alilijaza lote kabla ya chai. Mimi nilikwama kwenye "uendelevu".

Feni zina kelele na viti vya plastiki hulia mtu akijigeuza. Madirisha yanatazama bahari, kosa la usanifu, kwani vichwa vyote vilifuata ngalawa. Chai ya saa nne na nusu haina dosari: harufu ya maandazi ya iliki ilipopenya mlangoni, mwenyekiti mwenyewe alianza kukusanya karatasi zake.