TAHADHARI: Kama umefunga adapta za rimu za Subaru zilizouzwa mtandaoni kama alumini ya "6061-T6", zifungue leo

Wakuu, naomba mnivumilie nitaandika ndefu maana hili jambo lingeniulia familia.

Kuna jamaa hapa Dar anauza vitu vya kuongeza mwendo na muonekano wa gari, anasema anatengeneza mwenyewe nyumbani, spesa (za kusogeza rimu nje), adapta za rimu, daunpaipu (bomba la moshi linalotoka kwenye tabo), strati baa (nondo ya kuunganisha vichwa vya shokapu), anawalenga sana wenye Subaru Impreza na Forester na watu wa Altezza. Jina la akaunti siliweki kwa sababu kashabadilisha mara mbili tangu nianze kumfuatilia, ukilishika jina utadhani umepona kumbe yuko kwenye jina jingine, kwahiyo shikeni vitu vyake na namna anavyofanya kazi.

Mimi nina Impreza WRX ya mwaka 2003, na wenye hizi gari mnajua shida yetu, habu (kitovu kinachoshika rimu) ni 5x100, yaani stadi (bolti za kushikia rimu) tano kwenye duara la milimita 100, halafu rimu kali zilizojaa mjini ni 5x114.3 za Mark X na Altezza. Za Allion ni 5x100 kweli ila tundu lake la katikati ni milimita 54.1 na habu ya Subaru ni 56.1, haiingii mpaka uitanue. Kwahiyo wengi tunaangukia kwenye adapta, ile sahani ya alumini unayoifunga kwenye habu kwa nati zako tano, halafu yenyewe ina stadi zake tano za kushikia rimu. Na adapta nzuri haina tatizo kabisa, nimewahi kutumia.

Huyu jamaa nilimfuata inboksi akanijibu vizuri, lugha nzuri, anajua maneno yote, akaniambia alumini 6061-T6, kila moja inakerezwa kutoka kwenye kipande kizima, unene milimita 25, seti ya nne laki tatu na themanini, nusu unatanguliza nusu unalipa ukipokea. Akanitumia video mashine inakereza. Nikasema nataka kuona kwa macho, akakubali, tukakutana Ilala akaja na moja mkononi, safi kabisa, kingo zimenyooka, ndani imechongwa 56.1. Nikatoa hela. Baada ya siku nane boda akaniletea boksi, zimepakwa rangi nyeusi, nikafunga jioni ile ile kwa sababu nilikuwa na safari. Ile aliyonionyesha ni ya dukani ya nje, ndio anatembea nayo kuonyesha kila mteja, mzigo unaoletewa ni kitu kingine kabisa.

Dalili zilikuwepo na nataka mzijue. Baada ya kama kilomita 50 nilizikagua nati za ndani zinazoshika adapta kwenye habu, zikakubali kuzunguka karibu nusu mzunguko, nikakaza. Kesho yake tena zimelegea. Nati ikilegea kila siku wakati umeikaza sawasawa maana yake ile alumini chini ya nati inabonyea, ni laini, inazama kidogo kidogo na ule mkazo unapotea. Halafu kwenye 80 usukani ukaanza kutetemeka nikadhani ni balansi, nikaenda kupiga balansi ya matairi yote manne, mashine inasema tairi ziko sawa, ukirudi barabarani inatetemeka vile vile. Tundu la katikati lilikuwa kubwa kuliko habu, rimu haijakaa katikati, hakuna balansi itakayoponyesha hiyo.

Jumamosi tunaenda Morogoro, mimi, mama watoto na mtoto wetu mdogo wa miaka minne kakaa kiti cha nyuma. Tumepita Mlandizi, nikasikia mlio kama mtu anagonga nyundo chini ya gari, mara mbili tatu, nikaanza kupunguza mwendo kuelekea pembeni na hapo hapo gari likakaa chini upande wa kushoto nyuma na tairi likatupita kwenda kugonga mti. Diski ikasaga lami mpaka tukasimama. Basi la mkoani lilikuwa nyuma yetu, dereva alikuwa makini akatukwepa, sijui hata ni basi gani ila Mungu ambariki yule mzee. Mtoto hakupata hata mchubuko. Kama ingekuwa tairi la mbele na kona, nisingekuwa naandika hapa.

Jumatatu nikazipeleka Gerezani kwa fundi wa kukereza vyuma ambaye namuamini miaka mingi. Iliyokatika imepasuka kati ya tundu mbili, na stadi moja imeng'oka na kipande cha alumini kimeganda kwenye meno yake. Tukachukua nyingine nzima tukaipasua, ndani imejaa vitundu kama mkate. Fundi hakuuliza mara mbili, akasema hii ni ya kuyeyusha, masufuria na pistoni za zamani zimemiminwa kwenye mchanga halafu zikapitishwa mashine juu juu zipendeze. Kuyeyusha alumini sio dhambi, sufuria zetu nyingi zinatengenezwa hivyo na zinapika vizuri, ila sufuria haibebi gari la kilo 1,400 kwenye kona. Hiyo T6 wanayoisema ni kwamba alumini imepashwa joto kali, ikapozwa ghafla, ikapashwa tena kwa muda ili ikomae, sio jina la urembo la kuandika kwenye tangazo.

Tukapima vingine. Tundu la katikati 58 badala ya 56.1. Matundu ya stadi yametobolewa kwa mkono, hayalingani. Hili hata wewe unaweza kulipima nyumbani kwa verniya: kwenye 5x100, katikati ya tundu moja mpaka katikati ya linalofuata ni milimita 58.8, kwenye 5x114.3 ni 67.2, na lazima zote tano zifanane. Zangu zilikuwa zinapishana mpaka milimita moja na zaidi. Stadi hazina alama yoyote kichwani, wakati stadi ya maana imegongwa 10.9, alama ya uimara wa chuma chake. Na meno ni ya 1.5 (milimita kutoka jino hadi jino), ya Toyota, halafu yeye aliniambia nitumie nati zangu za Subaru ambazo ni 1.25!! Bahati nzuri niliona nati inagoma nikanunua nyingine. Rangi nyeusi futa na tambaa lenye thina, ikitoka ni spreyi tu. Kupima kilo hakusaidii, alumini zote uzito unakaribiana.

Nilipomwandikia hakukataa, alisema nimekaza vibaya. Nilipomtumia picha ya ile iliyopasuliwa akanibloku, namba ya simu nayo haipatikani.

Nikaanza kuuliza kwenye magrupu ya Subaru, wamejitokeza watu watatu. Mmoja wa Kigamboni alinunua daunpaipu ya "steinlesi 304" (chuma kisichoshika kutu), miezi miwili upepo wa bahari umeila, sumaku inang'ang'ania kote, na 304 sumaku haiishiki namna hiyo, kidogo sana labda sehemu ilipokunjwa. Ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha. Wa pili katanguliza laki mbili hajaona kitu mpaka leo. Wa tatu ana adapta kama zangu na alikuwa bado anaziendesha, kazifungua tukiwa tunaongea kwenye simu, mbili zina nyufa tayari.

Naomba nieleweke, sipigi vita vitu vya kutengeneza nyumbani. Tanki la kunasia oili lililo kwenye gari langu limechomelewa hapa hapa mjini kwa argoni na nimelitumia miaka minne bila tone. Kuna vijana wanachora, wanapima, wanajaribu kwenye gari zao kwanza kabla ya kumuuzia mtu, na huyu anawaharibia jina. Fundi mkweli ukimwomba kipande kilichobaki cha malighafi anakupa, na anakuruhusu upime mzigo kabla ya kumalizia hela.

Picha zake pia angalieni vizuri, kwenye mbili kuna theluji nyuma ya gari na moja usukani uko kushoto.

RB ya polisi nimechukua, na namba aliyonitapeli nayo nimeituma TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwa ule ujumbe wa 15040, mliotapeliwa naye fanyeni hivyo hivyo maana malalamiko ya mtu mmoja hayana uzito. Vipande vyangu viko pale Gerezani, fundi kakubali viachwe mezani, mwenye adapta nyeusi za milimita 25 ambaye hana uhakika aniandikie inboksi nitamwelekeza aende akalinganishe. Ila aende na bodaboda, gari aliache nyumbani.