Swali moja tu, dokta: mbwa wangu alipata joto la kutaka dume lini?

Nianze na yaliyo mazuri, nisije nikaonekana mwenye chuki. Kliniki ile ya mifugo ni safi, hawakucheleweshi, na bei yao haiumizi kuliko za wengine hapa Lubumbashi. Mwenye mbwa wa kuchanja tu, aende. Mimi meza yao ile ya chuma siigusi tena.

Bijou wangu ana miaka mitatu, ndiye analinda lupango letu, yaani kiwanja chetu, huku Kampemba. Mvua zilipokuwa zinaelekea kwisha akaanza kubadilika. Bukari, yaani ugali, hataki, mfupa wa michopo, nyama ya kuchoma, ameunusa akauacha. Akajichimbia shimo nyuma ya magunia ya makaa, akaburuta kitenge changu kikuukuu mpaka humo. Halafu akabeba kandambili ya mtoto wangu wa mwisho, ya plastiki, ya buluu, mguu wa kushoto, akailaza juu ya kitenge akawa anailamba. Ukisogea, ananguruma. Bijou! Mbwa niliyemlea kwa chupa, hajawahi kuninguruma hata siku moja. Na matiti yamejaa, yamevimba mpaka kwapani.

Nikakodi teksi nikampeleka. Dokta alikuwa na wanafunzi wawili wa mazoezi, mvulana na binti, kwa sababu mji huu una kitivo kizima cha tiba ya mifugo pale chuo kikuu. Wenye kujua hawakosekani kwetu, na hilo ndilo linanizidishia hasira.

Hakuniuliza kitu. Hakuuliza hata jina la mbwa. Alimlaza ubavu, akashika chuchu ya mwisho kwa vidole viwili, akaikamua. Bijou akashtuka. Likatoka tone jeupe, zito, likamshika kwenye glavu. "Ana mimba. Wanne, watano. Siku chache tu atazaa." Ekografia, ile picha ya tumbo, hakuna, tumbo halijapapaswa. Nikamwambia, dokta, huyu tangu apate joto hajavuka geti, kufuli lipo na ufunguo ninao mimi. Akacheka. Hakunijibu mimi, aliwageukia wanafunzi wake: "Kila mama anayekuja hapa geti lake lina kufuli."

Mvulana akacheka naye. Binti akainamisha macho.

Nina umri wa kuheshimiwa. Nimesimama pale nimeshika mkanda wa mbwa wangu, nafanywa mwongo mbele ya watoto. Akaandika kalsiamu, akaniagiza nimkamue asubuhi na jioni ili maziwa yasigande. Dola 15, bila risiti.

Nikatii, na hapo ndipo panaponichoma mpaka leo. Nilimkamua kwa mikono yangu mwenyewe, na kitambaa cha maji ya uvuguvugu, nikimbembeleza. Kadiri nilivyokamua ndivyo yalivyozidi kujaa. Siku kumi, wiki mbili, watoto hakuna. Chuchu za nyuma zikawa nyekundu, akawa halali usiku, analia juu ya kandambili.

Niliporudi, dokta akasema kwa sauti ile ile, kana kwamba ndivyo alivyosema tangu mwanzo: "Ah, hii ni mimba ya uongo. Mwache hapa, kesho tunamtoa kizazi, mambo yanaisha." Pole hakuna. Samahani hakuna.

Nilitoka na mbwa wangu. Yule binti akanifuata mpaka barabarani, bado na glavu mkononi, akaniuliza: "Mama, alipata joto lini?"

Nikahesabu. Dalili zilianza kama miezi miwili baada ya joto. Akatikisa kichwa akanieleza, tumesimama juani. Mbwa jike akishapata joto, amepandwa au hajapandwa, homoni ya mimba, projesteroni, hupanda na kukaa juu karibu miezi miwili. Ikishuka, homoni nyingine, prolaktini, inapanda, na hiyo ndiyo inaleta maziwa na hamu ya kulea. Ndiyo maana mimba ya uongo hutokea zaidi wiki 6 hadi 8 baada ya joto. Mara nyingi huisha yenyewe kwa wiki mbili au tatu, ila ukikamua unauambia mwili kwamba kuna mtoto ananyonya. Hata mbwa akijilamba chuchu ni yale yale. Na kumtoa kizazi wakati maziwa bado yanatoka kunaweza kuifanya hali ile ikawie zaidi, kwa hiyo subiri yakauke kabisa. Ipo dawa ya kushusha prolaktini, kabergolini, kama hali ikikataa. Akanionya mambo mawili ya kunikimbiza kwa daktari: titi likiwa gumu, la moto, lenye maumivu, na usaha ukitoka nyuma huku mbwa anakunywa maji sana, maana maambukizi ya kizazi nayo huja kipindi hicho hicho baada ya joto.

Dakika kumi. Hakutaka hela ya soda.

Nikaacha kukamua. Nikamtengenezea faneli ya katoni shingoni asijilambe, chakula nikapunguza kidogo, maji nikamwachia, na kijana wangu mkubwa akawa anamtembeza asubuhi mpaka achoke. Kandambili niliitoa wakiwa matembezini. Aliporudi alikwenda moja kwa moja nyuma ya magunia. Akanusa kitenge, akakigeuza kwa pua, akakigeuza tena, akaja akasimama mbele yangu na katoni yake shingoni, ananitazama. Nililia, na sioni aibu kusema. Ndani ya siku tisa maziwa yakakauka, akala bukari yake yote.

Labda dokta alikuwa na siku mbaya. Labda huwa anaona wengi wenye mageti yaliyofunguliwa kweli, sijui. Nilitaka kuwapa alama ya katikati kwa ajili ya yule binti. Lakini nimesoma tena nilichoandika mwanzo, kwamba mwenye mbwa wa kuchanja aende, na nafuta. Asiende. Mtu anayeona maziwa asiulize joto lilikuwa lini, mbwa wa kuchanja atamuuliza nini?

Bijou atatolewa kizazi, kwa daktari mwingine, kabla joto lingine halijafika. Binti wa watu, ukifungua mahali pako, nitaleta mbwa wangu na wa majirani zangu wote. Na wewe dokta, kama unasoma: kufuli liko getini pale pale. Njoo ulivute kwa mkono wako.