Mifuko ya kuhifadhia korosho: nilitaka kuwaambia msinunue

Mimi nauza korosho zilizobanguliwa hapa Malindi, na wadudu wamenila mtaji miaka na miaka. Kuanika juani nimeanika sana, unaona wamekimbia unafurahi, kumbe mayai yamebaki, baada ya muda viwavi hao tena. Vidonge vya gesi ndo sitaki hata kusikia, nyumba yangu chumba na ukumbi, watoto wanalala humo humo, na hiyo gesi yake, fosfini, haichagui mdudu na mtu.

Basi nikauziwa hii mifuko isiyopitisha hewa, nailoni mbili ndani gunia nje, ati wadudu wanaimaliza hewa wenyewe wanakufa, dawa huweki. Nikachukua miwili, mia tatu mia tatu, korosho za kaskazi zote nikatia humo.

Mvua za masika zimeshika, mama mmoja anayepikia watu harusi akanunua kwangu korosho kilo mbili za kutia kwenye biriani. Jioni yuko mlangoni kwangu, hata salamu hakutoa, kafungua pakiti, kiwavi mweupe anajikokota juu ya korosho taratibu kama yuko kwao. Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Kwenda kuangalia mfuko, utando mtupu, korosho zimeshikana mafungu mafungu kama zimeshonwa, ungaunga chini, na nondo mmoja akanirukia usoni.

Nikaubeba vile vile mpaka dukani. Kijana wa pale hata macho hakuinua kwenye simu, ananiuliza, "Mama, ulikuwa waufungua mara ngapi?" Nikamwambia kila siku, si nauza? Akacheka! Mbele za wateja! "Huo si mtungi wa maji mama, kila mwenye kiu afunue. Ukifungua hewa yaingia, wadudu wapumua." Mtoto niliyemzidi umri wa mamake. Nilimpa maneno ambayo hapa siyaandiki.

Nikarudi nyumbani nimevimba, nikautoa na ule wa pili nyuma ya kabati nimrudishie yote miwili, huo sikuwa nimeugusa tangu nilipoufunga. Nikaufungua nipate ushahidi. Wadudu wamo kweli, wachache, wamekauka chini kama ufuta, hakuna hata mmoja anayetikisa mguu. Korosho nikaitia mdomoni, kavu, ikalia kaa!

Sasa niseme nini. Mfuko ni mzuri, haya. Lakini siku ananiuzia mdomo ulikuwa wapi? Angesema tu, mama ya kuuza kila siku tia kwenye dumu dogo, mfuko uache ufungwe, hilo neno lingemgharimu nini? Kilo zaidi ya kumi nimewamwagia kuku, na yule mama wa harusi mpaka leo tukipishana ananipa kisogo.

Nataka mingine miwili. Nitamtuma mwanangu, mimi pale dukani siingii.