Mishipa ya moyo bila iodini: katheta ya ultrasaundi yashinda, gesi na gadolini hapana

Maabara ya moyo hapa Mombasa ikitafuta, kwa ajili ya mgonjwa wa figo au wa mzio, cha kuweka mahali pa dawa ya iodini (ile inayodungwa ili mishipa ionekane kwenye eksirei), inunue katheta ya ultrasaundi, mrija mwembamba unaoingia ndani ya mshipa na kuupiga picha kwa mawimbi ya sauti. Gesi ya kabonidayoksaidi inafaa miguuni, lakini kwenye mishipa ya moyo isitumike kabisa: viputo huzuia damu, mapigo huvurugika. Gadolini, dawa ya picha za MRI, huonekana hafifu kwenye eksirei, na kikomo cha 0.3 mmol kwa kilo huwa kama mililita 42 tu kwa mtu wa kilo 70. Isitoshe, figo iliyoshuka chini ya 30 (kasi ya kuchuja damu, mililita kwa dakika) ndiyo hasa inayoiogopa, kwa hiyo mgonjwa wa figo hajaokolewa chochote.

Katheta isukumiwe salini (maji ya chumvi) yenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hadi viputo viishe. Kikibaki kimoja, picha inaweza kuingia giza. Nitrogliserini, dawa ya kutanua mshipa, mikrogramu 100 hadi 200 itangulie ndani ya mshipa, katheta ipite juu ya waya wa inchi 0.014 hadi ng'ambo ya pale palipoziba, kisha mashine iirudishe milimita 0.5 au 1 kwa sekunde. Waya wa pili kwenye tawi la pembeni huchora njia kwenye eksirei bila tone la dawa. Kwa katheta ambazo kipiga picha chake huzunguka ndani, picha ikivutika upande mmoja kama wino uliopanguswa kwa kidole, ujue katheta imejikunja au vali ya mlangoni inapoingilia imekazwa mno. Ilegeze.

Kasoro yake kubwa: haioni ncha ya waya ilikofika. Mshipa ukitobolewa huko, katheta haitakwambia. Ndiyo maana mgonjwa apimwe moyo kwa ultrasaundi ya kifuani kabla hajashuka mezani, na dawa kidogo ya iodini ibakizwe kwa picha ya mwisho. Jumla isizidi kipimo cha figo: figo ikichuja 22, dawa ni mililita 22.

Kuhusu mzio, wapo wanaodai kuwa anayedhurika na kamba hawezi dawa ya iodini; kamba wa Pwani wanasingiziwa bure. Kinachowasha ni protini ya nyama yao, si iodini. Aliyewahi kuvimba kwa dawa yenyewe abadilishiwe aina nyingine ya iodini na apewe prednisoni miligramu 50 saa 13, 7 na 1 kabla, dozi ya mwisho pamoja na difenhidramini miligramu 50, zote dawa za kutuliza mzio. Hiyo si kinga kamili, adrenalini iwe karibu. Utaratibu ukiwa saa 2 asubuhi, vidonge ni saa 1 usiku, saa 7 usiku na saa 1 asubuhi. Anayetoka Likoni, saa hiyo ya mwisho yumo kwenye foleni ya feri: afungiwe kidonge na chupa ya maji tangu jana yake.