Kitabu cha mfukoni kwa wadi ya watoto: Harriet Lane au kile cha WHO?

Anayeanza zamu wadi ya watoto hakosi kitabu. Tabu yake ni kwamba kila mtu ana jina la kumtajia. Daktari bingwa atamwambia asome Nelson. Aliyemtangulia chuoni atasema Ghai inatosha kabisa. Mwingine kaletewa Harriet Lane na shemeji yake aliyeko Marekani, basi anatembea nacho wadini kama kitambulisho. Sista mzoefu hasemi kitu, ila ukisogea mezani kwake utakuta kale kakitabu ka WHO kamebandikwa gundi mgongoni, kurasa za dozi zimechakaa kuliko nyingine zote.

Nimepita wadi ya watoto nikiwa daktari tarajali katika hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania, na vitabu viwili nilivitumia kweli kweli: Harriet Lane na kile cha WHO. Nelson siihesabu kwenye mashindano haya. Ni kitabu cha mezani, cha kusoma ugonjwa mmoja mpaka uuelewe, na kwenye mtihani wa mdomo ndicho kitakachokuokoa. Hakuna anayefungua majuzuu mawili mazito huku mtoto ana degedege.

Nianze na Harriet Lane kwa sababu ndicho kinachotamaniwa. Kinaandikwa na madaktari wanaosomea ubingwa wa watoto katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, kazi waliyoianza miaka ya 1950, na toleo jipya hutoka takriban kila baada ya miaka 3. Jina limetokana na Harriet Lane, mpwa wa Rais James Buchanan, aliyeacha mali yake ijengwe hospitali ya watoto baada ya kufiwa na wanawe wawili kwa homa ya baridi yabisi. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1912. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka binti mmoja wa wadini kwetu ambaye valvu za moyo wake zilikuwa zimeharibiwa na ugonjwa huohuo.

Kwa sababu kimeandikwa na watu walio kwenye zamu, kinajua unachotafuta usiku. Mapigo ya moyo ya kawaida kwa mtoto wa miezi 4 ni mangapi? Yapo. Bomba la kupumulia la namba ngapi? Lipo. Sehemu ya dawa imepangwa kialfabeti na inaeleza mpaka namna ya kupunguza dozi figo zikiwa dhaifu, jambo ambalo vitabu vyetu vidogo mara nyingi hulikwepa. Aliletwa mtoto anahema kwa kina, pumzi inanuka tunda lililoiva kupita kiasi, sukari iko juu kiasi kwamba mashine inaandika HI tu. Hapo ndipo kitabu hiki kilipolipa gharama yake: kilinieleza potasiamu inashuka lini na kwa nini, na kwa nini usikimbilie kushusha sukari kwa pupa. Ila na hapo pia nilikiona kilikotoka. Hatua zake zinasubiri vipimo vya gesi za damu kila baada ya saa chache na pampu ya kupimia insulini. Sisi tulikuwa na kijiti cha mkojo, glukomita, na macho ya sista.

Hilo ndilo neno langu lote juu ya kitabu hiki. Hakikukosea popote, bali kinamwandikia mtu mwingine. Ratiba ya chanjo iliyomo ni ya Marekani, ambako BCG, chanjo ya kifua kikuu, si ya kila mtoto na matone ya polio yaliachwa tangu mwaka 2000. Sukari ya damu inasomwa kwa mg/dL wakati glukomita yetu inasoma mmol/L, kwa hiyo lazima ugawe kwa 18. Bilirubini, kipimo cha umanjano, ndiyo kabisa, unazidisha kwa 17.1 ukiwa umesimama. Parasetamoli utaikuta kwenye asetaminofeni na salbutamoli kwenye albuteroli. Hayo unayazoea. Kwenye lishe unakutana na majedwali ya maziwa ya kopo ya huko kwao, na mtoto wako wa kwashakoo, aliyevimba miguu na nywele zimebadilika rangi, anabaki bila mwenyewe.

Kuna mtego mmoja naomba wadogo zangu mnisikilize vizuri. Harriet Lane huandika dozi nyingi kwa saa 24, halafu inakwambia ugawe mara ngapi. Kitabu cha WHO kwa kawaida kinaandika dozi ya mara moja. Chukua ampisilini ya miligramu 200 kwa kilo kwa siku, igawe mara 4, unapata 50 kwa kilo kila saa 6, na WHO nao wanasema 50. Hawagombani. Ila mtu aliyechoka akiiona ile 200 asiione ile alama ya kugawa, mtoto wa kilo 10 anaandikiwa gramu 2 badala ya nusu gramu. Sasa fikiria ingekuwa dawa isiyosamehe, kama jentamisini. Ukihama kutoka kitabu kimoja kwenda kingine, soma kipimo chake kabla hujasoma namba.

Sasa kile cha WHO. Jina lake kamili ni refu: Pocket Book of Hospital Care for Children. Wadini kinaitwa kitabu cha WHO na kila mtu anaelewa. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2005, la pili 2013. Kinaingia mfukoni mwa koti bila kulivuta bega. Kinaanza pale kazi inapoanzia: mtoto kafika mlangoni, je, ana dalili za hatari au anaweza kusubiri foleni? Njia ya hewa, kupumua, shoku, kupoteza fahamu, degedege, kuishiwa maji. Baadaye ndipo zinakuja sura za kikohozi, kuharisha, homa, utapiamlo mkali, VVU na watoto wachanga. Hazikupangwa kwa viungo vya mwili kama darasani. Zimepangwa kwa malalamiko ya mama, na mama haji akakwambia mwanangu ana tatizo la mfumo wa upumuaji. Anakwambia anakohoa na mbavu zinaingia ndani.

Kilichonifanya nikipende ni jambo dogo sana. Tafuta ukurasa wa diazepamu ya kupitishia njia ya haja kubwa. Dozi imeandikwa kwa mililita, kutoka kwenye ile ampuli ya miligramu 10 ndani ya mililita 2 tuliyonayo kabatini: mtoto wa kilo 6 hadi chini ya 10, mililita 1. Basi. Huhitaji kikokotoo wakati bibi yake analia pembeni na wewe mwenyewe mikono inatetemeka. Aliyeandika jedwali lile alikuwa anaijua ile ampuli.

Ukienda kwenye kuharisha, mtoto aliyeishiwa maji kabisa anapewa dripu ya Ringer mililita 100 kwa kilo, na mgawanyo umeandikwa wazi: aliye chini ya mwaka, 30 kwa saa 1 na 70 zinazobaki kwa saa 5, mwenye mwaka na kuendelea, 30 kwa nusu saa na 70 kwa saa 2 na nusu. Kwenye utapiamlo mkali kuna zile hatua 10, maziwa maalumu ya kuanzia yaitwayo F-75, na onyo la kutokimbilia dripu, kwa sababu moyo wa mtoto yule haubebi maji kama wa mwenzake. Hakuna sura niliyoirudia kama hiyo. Kuna malezi mengi humo: mpe joto, mlishe kila baada ya saa 2 hata usiku, mchezeshe. Mama mmoja alinicheka nilipomwambia kucheza na mwanawe ni sehemu ya matibabu, nikamwonyesha ukurasa, akanyamaza, ingawa sidhani alisoma Kiingereza kile.

Upungufu wake? Upo, tena mkubwa, nao ni umri. Toleo la 2013 linaandika artesuneti miligramu 2.4 kwa kilo kwa malaria kali. Mwaka 2015 WHO hao hao walipandisha hadi 3 kwa kilo kwa watoto walio chini ya kilo 20, yaani karibu wote wanaolazwa kwetu kwa malaria kali. Sura ya VVU iliandikwa kabla ya dolutegraviri ya watoto, kwa hiyo mimi siifungui kabisa kwa ajili ya dawa. Nafuata mwongozo wa taifa.

Na kuna hili la maji ya mshipa. Utafiti wa FEAST ulifanyika huku kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania, kituo cha Tanzania kikiwa hospitali ya Teule, Muheza. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu walihusika. Waliokuwa wanaharisha au wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Matokeo yalichapishwa 2011: waliopewa maji kwa mkupuo walikufa zaidi ndani ya saa 48, karibu asilimia 10.5, wakati wasiopewa mkupuo ni 7.3. Watu walitegemea kinyume chake. Toleo la 2013 lilitoka bila kuubeba utafiti huo kama inavyostahili, na wataalamu wakalisema hilo waziwazi. WHO walikuja kurekebisha 2016: mtoto ahesabiwe ana shoku akiwa na dalili zote 3, yaani mikono na miguu ya baridi, mapigo dhaifu ya haraka, na ngozi ukiibonyeza rangi inachelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, naye apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo taratibu, kwa dakika 30 hadi 60. Kwa hiyo damu na jasho la watoto wa Muheza na wa Kilifi kule Kenya vilichelewa kuingia kwenye kitabu kilichoandikwa kwa ajili yao. Hilo bado linaniudhi. Kitabu cha Kimarekani nacho kimezoea hospitali yenye ICU, ambako mapafu yakijaa maji mashine ipo ya kumpumulia mtoto. Kwetu mapafu yakijaa, yamejaa.

Kwa hiyo kitabu changu cha WHO kina wino mwingi. Artesuneti nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, ukurasa wa shoku nimeubandikia karatasi ya mwongozo wa 2016, na sura ya VVU nimeipigia mstari wa mshazari. Ukikinunua au kukipakua, fanya hivyo siku ya kwanza, kabla hujaenda nacho wadini.

Wakenya wametuzidi kwa kitu kimoja, na nasema bila wivu. Kile kijitabu cha wizara yao ya afya, Basic Paediatric Protocols, kinachoendana na ETAT+, mafunzo ya kuhudumia dharura za watoto, kina majedwali ambayo dozi tayari imepigwa hesabu kwa kila kilo. Unapima mtoto, unashuka kwenye mstari, unasoma. Mwenzangu aliyesomea Eldoret alinionyesha, nikakipakua bure usiku uleule. Kinawafaa zaidi watoto wa chini ya miaka 5 na hakijisingizii kuwa kinajua zaidi ya hapo. Angalizo kwa Mtanzania: malaria na VVU fuata miongozo yetu, ile ya matibabu ya mwaka 2021 au iliyoifuata, maana dawa iliyoandikwa Nairobi inaweza isiwepo kwenye orodha ya MSD, bohari yetu ya dawa ya serikali.

Mtoto wa selimundu naye asisahaulike. Nchi yetu ina watoto wengi wa aina hii na kitabu cha WHO hakikunitosha kwao hata kidogo. Hapo nilirudi Harriet Lane kwa maumivu na kwa kifua kinachobana ghafla, na mwongozo wa taifa kwa haidroksiyurea. Ndivyo vilivyogawana kazi mwishowe: cha WHO na kijitabu cha Kenya mfukoni, mwongozo wa taifa kwenye simu, Harriet Lane kwenye droo ya chumba cha madaktari kwa ajili ya figo, homoni, sumu na vile vipimo ambavyo hukumbuki kiwango chake cha kawaida. Ningekuwa nabaki na kimoja tu kwenye hospitali ya wilaya, ningebaki na cha WHO chenye wino wangu. Ningekuwa naanza ubingwa Muhimbili au KCMC, mpangilio ungebadilika, maana huko mtoto wa droo anakuwa mtoto wa kila siku.

Bei haina mjadala: cha WHO kinapakuliwa bure kwenye tovuti yao, na wenzetu wa Kongo na Burundi wana cha Kifaransa. Mimi nilichapisha changu na kukifungisha waya, kwa sababu simu ndani ya wadi huisha chaji, na ukiitazama sana wazazi hudhani unachati. Harriet Lane mpya ni ghali, ndiyo maana kwenye maduka ya kutoa kopi karibu na vyuo utauziwa ya kurudufiwa kwa bei ya kutupa. Usiichukue kabla hujafungua kurasa za dawa na kutazama nukta. Nilionyeshwa moja ambayo mashine ilikuwa imekula nukta za desimali kwenye ukurasa mzima, 0.1 inasomeka kama 01 na kwingine 1 tupu. Nikamrudishia muuzaji na kumweleza kwamba kitabu hicho kinaweza kuua mtoto. Akakitazama, akaniuliza kama basi nataka cha rangi.